Programu ya Java Ikikataa Kufunguka, Usikubali Haraka Kuformata



Tangu watoto warudi darasani, wamama wa vikundi vyetu vya Mangobo, Makiso na Kabondo wananiuliza swali moja. Mtoto anatoka masomo na flashi ambamo mwalimu wa fizikia amemwekea somo la umeme. Anaichomeka katika ordinatere ya nyumbani, anafinya mara mbili juu ya faili, na hakuna kinachotokea. Mshale unazunguka kidogo, kisha kimya. Hakuna dirisha lililofunguka, hakuna neno la kosa. Mtoto anasema: « Mama, masini imekufa. » Papa anasema pesa ya fundi haipo. Basi somo linabaki ndani ya flashi mpaka siku ya mtihani.

Masini haijakufa. Mara nyingi inakosa kitu kimoja kinachoitwa Java, au inacho lakini kimezeeka, au programu nyingine imekaa mahali pake. Hayo matatu mama anaweza kuyachunguza mwenyewe mezani, kwa nusu saa tu umeme ukiwepo, bila kulipa hata faranga. Sisemi kwamba kila mama awe fundi. Nasema kwamba kabla ya kumfungulia fundi mlango, ni vizuri kujua ni nini cha kumwambia, na ni nini cha kumkatalia.

Kwanza, faili hizo ni nini?

Faili nyingi ambazo walimu wa sayansi wanapeana siku hizi zinatoka kwenye mradi unaoitwa PhET. Ulianzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado, mjini Boulder, Marekani, na Carl Wieman, mtaalamu aliyepata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2001. Alitaka mwanafunzi acheze na sheria za fizikia kwenye kioo cha ordinatere, badala ya kuzikariri tu. Vyombo hivyo ni vya bure, na vingi vimetafsiriwa katika Kifaransa. Kuna hata vilivyowekwa katika Kiswahili. Kimoja kinafundisha umeme. Mtoto anachukua pili, nyaya, taa na kizimio, anaviunganisha mwenyewe, na anaona umeme ukitembea kama vidoti ndani ya waya. Akiunganisha ncha mbili za pili kwa waya mtupu, bila taa katikati, pili inashika moto kwenye kioo.

Wamama, huo moto wa kwenye kioo naupenda sana. Ninyi mnajua nyaya zinavyopitishwa katika nyumba zetu, moja juu ya nyingine, zimefungwa kwa plastiki ya mfuko. Umeme wa barrage ya Tshopo unaondoka na kurudi saa unayopenda, na ukirudi kwa nguvu unakuta waya umelala wazi. Mtoto aliyeona mara kumi kwenye kioo kile ambacho waya mtupu unafanya hatauchezea ukutani. Shule zetu nyingi hazina maabara. Mwalimu anachora pili kwa chaki, anachora taa kwa chaki, na taa hiyo haiwaki. Programu mpya ya mwaka wa 7 na wa 8 imeweka pamoja sayansi ya fizikia, teknolojia na TIC, lakini programu haileti vyombo. Ndiyo sababu faili moja ndani ya flashi si mchezo wa mtoto wa tajiri.

Sasa, faili za zamani za PhET ziliandikwa kwa Java, na jina lake linaisha na .jar. Hapo ndipo taabu inaanzia.

Java ni lugha ya kuandikia programu. Ilitoka mwaka 1995 katika kampuni ya Sun Microsystems huko Marekani. Aliyeongoza kazi hiyo ni James Gosling. Mwanzoni waliiita Oak, lakini jina hilo lilikuwa tayari la wengine, wakachukua jina la kahawa. Mwaka 2010 kampuni ya Oracle ilinunua Sun, na Java ikaenda nayo. Hapa niruhusuni kusema neno la kando. Java ni kisiwa cha Indonesia, na kahawa ya kisiwa hicho ilipoharibiwa na ugonjwa wa majani, kuelekea mwaka 1900, ilibidi mashamba yapandwe mbegu nyingine yenye nguvu. Mbegu hiyo ilikuwa robusta, iliyotoka katika misitu yetu ya upande wa mto Lomami, ikapitia kwa muuza miche wa Bruxelles na kufika Java. Lomami unaingia mto mkubwa pale Isangi, chini kidogo tu ya Kisangani. Kwa hiyo mtoto akiona kikombe cha kahawa kwenye alama ya Java, mwambieni kwamba kahawa ya kisiwa hicho ina damu ya kwetu.

Turudi. Programu nyingi za Windows zinajitegemea: unazifinya, zinafunguka. Ya Java haijitegemei. Ni kama mgeni anayesema lugha moja tu, naye anahitaji mkalimani kati yake na Windows. Mkalimani huyo ndiye unayemweka katika masini unaposema « naweka Java ». Faida yake ni kwamba faili moja inaweza kutembea kwenye Windows, Linux na Mac bila kuandikwa upya, mradi kila mahali pana mkalimani. Hasara yake mnaijua: mkalimani asipokuwepo, mgeni anasimama mlangoni bila kusema.

Na kwa nini kimya? Hili ndilo linalowachanganya watu, hata mafundi wengine. Ndani ya Java mna milango miwili. Mmoja unaitwa java.exe, na unaandika kila kosa katika dirisha jeusi. Wa pili unaitwa javaw.exe, nao hauna dirisha la kuandikia. Ukifinya faili ya .jar mara mbili, Windows inatumia huo wa pili. Kwa hiyo kosa lipo na limesemwa, lakini limesemwa mahali pasipo na masikio. Kazi yetu ya kwanza ni kuifanya masini iseme kwa sauti. Mama hampi mtoto dawa kabla ya kumuuliza panauma wapi.

Kuifanya masini iseme

Kopa kwanza faili kutoka flashi uiweke ndani ya masini, katika dosie moja, kwa mfano juu ya Bureau. Fungua dosie hiyo. Juu kabisa ya dirisha pana mstari unaoonyesha njia ya dosie. Finya ndani ya mstari huo, futa yaliyomo, andika cmd, kisha finya Entrée. Dirisha jeusi litafunguka. Usiogope rangi yake, haliharibu kitu. Andika humo:

java -version

Kisha Entrée. Masini ikijibu kwa mistari yenye nambari, Java ipo. Ikijibu « 'java' n'est pas reconnu en tant que commande interne ou externe », basi mkalimani hayupo, au yupo lakini Windows haijui anakaa wapi. Angalia ndani ya disko C, katika Program Files na Program Files (x86), kama pana dosie inayoitwa Java. Isipokuwepo, umeshapata ugonjwa: hakuna Java. Na hiyo ni sababu ya kawaida kuliko zote, kwa sababu Windows haiji na Java. Lazima iwekwe na mtu.

Kama Java ipo, andika sasa:

java -jar

acha nafasi moja, andika herufi mbili au tatu za kwanza za jina la faili, kisha finya kifinyo cha Tab, kile chenye mishale miwili upande wa kushoto. Masini yenyewe itamalizia jina. Finya Entrée. Kama programu inafunguka, furahini, tutaona mbele namna ya kuizoesha. Kama haifunguki, safari hii itasema kwa nini. Maneno yatakuwa mara ya Kifaransa, mara ya Kiingereza. Usihangaike na mistari yote. Soma mstari wa kwanza na uutafute hapa chini.

« Unable to access jarfile »: masini haioni faili hiyo. Jina limeandikwa vibaya, au dirisha jeusi lilifunguliwa katika dosie nyingine. Jina likiwa na nafasi katikati, lazima liwekwe kati ya alama za "  ". Tab inafanya hivyo yenyewe, ndiyo maana nimewaambia muitumie.

« Invalid or corrupt jarfile »: faili imefika nusu. Hapa kwetu hii inatokea sana. Umeme ulikatika wakati wa kukopa, mega ziliisha wakati wa kuteremsha kutoka intaneti, au flashi ilichomolewa kwa haraka. Linganisha ukubwa wa faili na ule wa faili ya mwalimu: finya kwa kifinyo cha kuume cha sourisi, kisha Propriétés. Zikitofautiana, omba tena. Hakuna fundi anayeweza kurudisha nusu ambayo haikuja. Na kama faili ina kimshale kidogo juu ya picha yake na ukubwa wake ni Ko moja au mbili tu, hiyo si faili, ni raccourci, kazi ya virusi vya flashi vinavyoficha faili za kweli. Usiifinye tena, peleka flashi isafishwe kwa antivirus kwanza.

« Could not reserve enough space for object heap »: programu inaomba kumbukumbu ambayo masini haina. Funga Word, funga muziki, funga kila kitu, ujaribu tena. Masini za zamani zenye Go moja tu zinakutana na hili mara kwa mara.

Kisha kuna kosa refu kuliko yote, lenye neno UnsupportedClassVersionError. Hili linatisha macho, lakini kwangu ndilo zuri zaidi, kwa sababu linatoa jibu lenyewe. Maana yake ni kwamba programu imeandikwa kwa Java mpya, na Java uliyo nayo ni ya zamani. Ndani ya mstari huo mna nambari mbili, kwa mfano 61.0 na 52.0. Ondoa 44 kwa kila moja. 61 kutoa 44 ni 17: programu inaomba Java 17. 52 kutoa 44 ni 8: masini yako ina Java 8. Hesabu hiyo hata mtoto wa mwaka wa tatu wa msingi anaweza kuifanya, na mpeni aifanye, awe msichana au mvulana. (Nimeona nyumba ambamo kaka peke yake anashika sourisi na dada anasimama nyuma ya kiti akishika taa ya telefone. Tuangalie hilo pia.)

Jambo moja linaloweza kuchanganya: ukiandika java -version, Java 8 inajiita « 1.8 ». Ni ile ile. Hiyo 1 ya mbele waliiacha baadaye, toka Java 9.

Pale faili inapofunguka vibaya

Kuna hali nyingine ambayo si kimya. Unafinya faili, na dirisha linafunguka, lakini ndani yake mna orodha ya dosie na vifaili vidogo, pamoja na dosie inayoitwa META-INF. Watoto wanadhani somo limeharibika. Hapana. Faili ya .jar kwa ndani ni mfuko uliofungwa, wa aina moja na faili za .zip. Mtu akiweka WinRAR au 7-Zip katika masini, programu hizo zinaweza kusema: « mifuko yote ni yangu », na zinachukua .jar pia. Toka hapo, kila ukifinya, zinafungua mfuko na kukuonyesha vitu vya ndani, badala ya kumpa mkalimani.

Dawa yake: finya faili kwa kifinyo cha kuume, chagua Ouvrir avec, kisha Choisir une autre application, chagua Java katika orodha (inaandikwa Java(TM) Platform SE binary), na uweke alama pale panapoandikwa Toujours. Isipoonekana katika orodha, kuweka Java upya kwa kawaida kunarudisha mambo mahali pake.

Kama hata hivyo inakataa, ninatumia njia ya mkato ambayo inafaa kila mahali, na ninawashauri walimu wenzangu waiweke ndani ya kila flashi. Fungua Bloc-notes. Andika mistari miwili:

java -jar "jina-la-faili.jar"
pause

Mahali pa « jina-la-faili » weka jina la kweli. Unapohifadhi, pale penye Type chagua Tous les fichiers, na uandike jina anza.bat. Usipochagua hivyo, Bloc-notes itaongeza .txt nyuma na haitafanya kazi. Weka anza.bat katika dosie moja na ile .jar. Sasa mtoto anafinya anza.bat, programu inafunguka hata kama WinRAR imechukua .jar, na kosa likiwepo dirisha jeusi linabaki wazi, kwa sababu ya lile neno pause, ili mama alisome au alipige picha kwa telefone. Picha hiyo ikitumwa kwa mwalimu, ina thamani kuliko maneno « haifunguki » mara kumi.

Kwa nini nasema usikubali haraka kuformata

Mama mmoja wa likelemba yetu, mjane, anatunza ordinatere aliyoachiwa na mume wake. Ndani yake mlikuwa picha za ndoa, picha za watoto wakiwa wadogo, na kalenda ya likelemba ya miaka mitatu: nani ametoa, nani amepokea, nani anadaiwa. Programu ya Java ya mtoto ilikataa kufunguka. Kijana mmoja aliyepita nyumbani akatazama dakika tano, akasema Windows imeharibika, lazima kuformata. Alilipwa dola 15. Akafuta disko yote, akaweka Windows mpya, akaondoka.

Jioni mtoto akachomeka flashi. Programu ikakataa kufunguka, kimya kile kile, kwa sababu Windows mpya haina Java kama ile ya zamani. Picha zilikuwa zimekwenda. Kalenda ya likelemba ilibidi tuiandike upya kwa kuuliza kila mama anakumbuka nini, na mnajua kumbukumbu za pesa zinavyogombana. Kulikuwa na wamama wawili ambao hawakusalimiana mpaka Pasaka.

Kuformata ni dawa ya magonjwa machache: disko iliyojaa virusi, Windows isiyowaka kabisa. Programu moja kukataa wakati nyingine zote zinafunguka si mojawapo. Kama Word inafunguka, kama picha zinaonekana, Windows ni nzima. Fundi mzuri atafungua kwanza lile dirisha jeusi. Asipolifungua, mwambie alifungue. Akisema « mama, hili wewe huwezi kulielewa », mshukuru na umsindikize mpaka mlangoni. Na kama kweli inabidi kuformata, picha na kalenda zinatoka kwanza kwenye flashi au disko nyingine, mbele ya macho yako, na unazifungua katika masini ya pili kuona kama zimekuja.

Kupata Java yenyewe

Java ni ya bure. Mtu akikuuzia Java, anakuuzia mega zake na muda wake. Hilo ni haki, lakini ajue kwamba unajua.

Kwa matumizi ya nyumbani, Java 8 kutoka java.com inatosha kwa faili zote za zamani za PhET. Ilitoka mwaka 2014 na bado inatumika sana. Kwa shule, biro au shirika, nashauri Temurin, kutoka kwa kundi la Adoptium. Ni Java ile ile kwa kazi yetu, lakini haina masharti ya leseni ambayo Oracle iliyaweka mwaka 2019 kwa matumizi ya kazi na biashara. Wakati wa kuiweka, Temurin inapendekeza yenyewe kushika faili za .jar, acha alama hiyo ilivyo.

Ukienda kuteremsha kwenye sibere ili ulete nyumbani, chagua ile iliyoandikwa hors ligne. Kuna nyingine ndogo, ya mega chache, ambayo watu wanaifurahia kwa sababu inateremka haraka. Hiyo ni mlango tu: ukiifungua nyumbani, itaomba intaneti ilete nyumba yenyewe. Ile ya hors ligne ina makumi ya mega, lakini inajitosha.

Tazama pia kama masini ni ya bits 32 au 64. Finya kifinyo cha Windows pamoja na Pause, na usome penye Type du système. Java ya 64 haiingii katika Windows ya 32. Katika Windows ya 64 zote mbili zinaingia. Na kama bado una Windows XP, Java 8 haikutengenezwa kwa ajili yake. Utahitaji Java 7.

Jambo dogo ambalo limenipotezea muda kwenye masini za wengine: saa. Masini ya zamani ambayo pili yake ndogo ya ndani imekwisha inarudi nyuma kila umeme ukikatika, inasema tuko mwaka 2009. Ukiingia intaneti, kila mahali inaandika « Votre connexion n'est pas privée » na inakataa kuteremsha. Watu wanadhani ni virusi. Rekebisha tarehe na saa, ujaribu tena. Pili hiyo ni ya duara, kama ya saa ya mkono kubwa, na inabadilishwa.

Kama flashi ina faili ya .jnlp badala ya .jar, usipoteze jioni nayo. Hiyo ilihitaji kitu kinachoitwa Java Web Start, ambacho kiliondolewa kuanzia Java 11 mwaka 2018, na mara nyingi inataka intaneti. Vilevile mafunzo ya zamani yaliyofunguka ndani ya kurasa za intaneti kwa Java hayafunguki tena: Chrome ilifunga mlango huo mwaka 2015, Firefox mwaka 2017. Hakuna ulichokosea wewe.

Wasiopenda taabu hii yote wana njia nyingine. PhET imeandika upya masomo yake mengi kwa HTML5, na lile la umeme ni mojawapo. Hayo hayahitaji Java hata kidogo. Kila somo ni faili moja inayoisha na .html, unaiteremsha mara moja, na inafunguka ndani ya Chrome au Firefox bila intaneti. Kwa hiyo kabla ya kupigana na .jar, muulizeni mwalimu: « Je, somo hili lipo katika .html? » Likiwepo, mchukue hilo. Baadhi ya masomo ya zamani hayajaandikwa upya, na kwa hayo bado tunahitaji mkalimani.

Mama mmoja ameniuliza kama Java haina faida nyingine, maana anaona ni taabu kwa ajili ya taa moja ya kioo. Inayo. Wauguzi wetu wanaoingiza hesabu za wagonjwa wa zone de santé katika DHIS2 wanatumia programu iliyoandikwa kwa Java katika Chuo Kikuu cha Oslo. Kwa sababu Java yake inakaa kwenye masini ya mbali, wao hawahitaji kuiweka kwao. Huko Eldoret, Kenya, toka mwaka 2006 hospitali inatunza karatasi za wagonjwa wa UKIMWI katika OpenMRS, nayo ni Java. Hata kadi za SIM nyingi ndani ya telefone zetu zina Java ndogo sana.

Kuhusu telefone, neno la mwisho, kwa sababu nyumba nyingi hazina ordinatere. Faili ya .jar ya PhET haifunguki katika telefone ya Android, hata ukiituma mara ngapi kwa WhatsApp. Telefone itakuambia haina programu ya kuifungua, na ukitafuta programu hiyo utaletewa matangazo na virusi. Ile ya .html inafunguka. Igeuze telefone ilale, kioo kinakuwa kipana, na mtoto anaweza kuunganisha waya kwa kidole. Mega ni za mara ya kwanza tu. Baada ya hapo mama mmoja anaweza kuwapitishia wengine wote kwa Bluetooth kwenye mkutano.